Muhanga na Ufunguo wa Ghala

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Mlio na watoto, wapakateni, maana ya leo haina kucheka kwingi.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikaa baraza moja, palikuwa na kijiji kiitwacho Namtende. Kilikuwa na ghala moja kubwa la udongo. Kila aliyevuna alipeleka huko fungu moja kati ya kumi. Mkulima alipeleka mtama, Nyuki alipeleka asali, Kuku alipeleka mayai. Huo ndio uliokuwa ushuru wao. Mvua ikikosa, ghala lilifunguliwa, na wa kwanza kupewa uji walikuwa mama wanaonyonyesha.

Ufunguo wa ghala hakupewa mkubwa. Alipewa mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu yeye aliijua njaa kwa karibu. Aliuvaa shingoni mpaka mtoto wake asimame dede. Tena hakuna aliyesamehewa ushuru bila yeye. Baraza likimaliza kusema, mwenyekiti alimuuliza mara tatu, "Mwenye ufunguo, una neno?" Akiufunga ufunguo kwenye pindo la leso yake, msamaha umekataliwa. Akiuacha shingoni, msamaha umepita.

Mwaka huo ufunguo ulikuwa kwa Sikudhani, mama kijana, na mtoto wake aliitwa Somoe. Sikudhani alikuwa na haya. Hata chumvi alishindwa kuomba kwa jirani.

Basi Muhanga, yule mnyama mwenye pua ndefu na kucha kama majembe, alichimba kando ya kilima akakuta mafuta meusi. Wasafiri walitoka mbali kuyafuata, wakayabadilisha kwa nafaka. Kijiji kikampa Muhanga mashamba yote ya kilimani achimbe. Walisema, "Mtungi mmoja kati ya kumi utatuletea mtama mwingi kuliko mashamba yenyewe."

Masika yakafika, siku ya ushuru ikafika. Muhanga akaja mikono mitupu.

"Ndugu zangu," alisema, "kuchimba ni kazi. Tazameni kucha zangu zilivyolika. Nisameheni msimu mmoja tu. Mkinibana, nitavuka kilima, huko wananingoja kwa ngoma."

Kuku akasimama, vifaranga kumi na mmoja nyuma yake. "Mwenyekiti, mwezi jana nilipungukiwa yai moja tu, mgambo wakaja kupekua kiota changu! Huyu ana mitungi mia, mnampa pole?"

Watu wakacheka.

"Kaa chini, Kuku," alisema Nyati, mwenyekiti. "Mambo ya mafuta ni mazito."

"Mazito kweli, baba. Naona yamefika mpaka kwenye pembe zako. Leo zinang'aa kama sufuria ya bibi harusi!"

Watu wakacheka tena, lakini Nyati hakucheka. Kima akadakia kutoka juu ya paa, "Na akiondoka je? Tuchimbe kwa mkia wangu? Vijana wetu wamepata kazi kwake. Chande, si umepata kazi?"

Chande alikuwa mume wa Sikudhani. Akainamisha kichwa. "Nimepata."

Nyati akageuka. "Mwenye ufunguo, una neno?"

Sikudhani alikuwa na neno. Alitaka kuuliza, "Na mtama wa kilimani utatoka wapi?" Lakini macho yote yalikuwa kwake, na ya Chande yalikuwa yakimsihi.

"Mwenye ufunguo, una neno?"

Akaushika ufunguo. Ulikuwa wa baridi.

"Mwenye ufunguo, una neno?"

Akaangalia chini, akamfunika Somoe miguu. Msamaha ukapita.

Kipupwe kikaja. Muhanga akaja tena mikono mitupu. "Ndugu zangu, mafuta yameteremka chini zaidi. Nisameheni msimu mmoja tu. Nitawachimbia na kisima." Kuku akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nyati akauliza mara tatu. Sikudhani akajisemea, "Safari ijayo nitaufunga." Msamaha ukapita.

Vuli ikaja, lakini bila mvua. Muhanga akaja kwa mara ya tatu. "Ndugu zangu, nisameheni msimu mmoja tu." Safari hii Nyuki naye akanung'unika, "Kama yeye halipi, mimi nalipa kwa nini?" Akafungasha asali yake.

"Mwenye ufunguo, una neno?"

Sikudhani akaushika ufunguo, akalishika na pindo la leso. Muhanga akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Binti yangu, mumeo ni mchapakazi. Ningesikitika kumwachisha."

Vidole vikalegea. Msamaha ukapita.

Siku saba baadaye watu waliamka wakakuta kilimani kimya. Mafuta yalikuwa yamekwisha, Muhanga alikuwa amekwenda na mitungi yake yote. Aliacha mashimo tu. Chande alirudi nyumbani na jembe begani, na ujira wake wa mwisho hakupewa.

"Kafungue ghala," watu walimwambia Sikudhani.

Akafungua. Mlikuwa na magunia matatu ya mtama na kikapu cha mayai ya Kuku. Basi. Uji ukapikwa mwepesi, ukawa mwepesi zaidi, ukawa maji ya moto. Mama wote walipewa, na Sikudhani alipewa kama wenzake, lakini maziwa yalimkauka. Somoe alinyonya, akalia. Alinyonya, akalia. Alinyonya, akanyamaza.

Walimzika kando ya kilima, kwa sababu huko ardhi ilikuwa imeshachimbwa na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuchimba kwingine. Kuku alikuja mazikoni na vifaranga sita. Nyati alikuja pia, pembe zimejaa vumbi. "Mwanangu, pole," alisema. "Sisi tulidhani..."

Asiye na mtoto mchanga hawezi kushika ufunguo. Kwa hiyo Sikudhani akaenda nao kwa Binti Mkamba, aliyekuwa amejifungua majuzi. Huyo naye alikuwa mpole, wa kujificha nyuma ya mlango.

"Dada, mimi siwezi," alisema Binti Mkamba. "Wataniangalia wote."

"Wataangalia," alisema Sikudhani. "Na mimi waliniangalia." Akaushika ufunguo, akaufunga mwenyewe kwenye pindo la leso ya mwenzake. Akakaza fundo. Akakaza tena. Akakaza tena, mpaka kucha zikamuuma.

"Akija yeyote kuomba msamaha, uache hivi hivi. Usiulize kitu, usijibu kitu. Uache tu umefungwa."

"Na ghalani mna nini cha kulinda, dada?"

Sikudhani akamtazama yule mtoto mchanga, akamfunika miguu.

Ng'ambo ya kilima zikasikika ngoma. Ilikuwa siku ya ushuru kwao, na Muhanga alikuwa amesimama barazani, mikono mitupu, akisema, "Ndugu zangu, msimu mmoja tu."

Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni mwa ghala. Mwenye mtoto na amkumbatie, na mwenye neno na aliseme angali na mtoto.