Bei ya Mtu wa Kwetu

Wapendwa, fikirini habari za fundi cherehani mmoja wa mji mdogo ulio kando ya reli. Watu wa mbali walipofungua hoteli kubwa karibu na stesheni, fundi huyu aliapa: "Mimi nitakula na kununua kwa watu wa hapa hapa tu." Akajiona mtu mwema.

Kila adhuhuri alikula wali na maharage kwenye kibanda cha mama mmoja mjane. Mji mzima ulimwita Mama Wali. Jina alilobatizwa ni Skolastika Nyamizi, nasi tumwite hivyo. Wateja walikuwa wamempungua, na Jumatatu moja alitangaza kwamba Jumamosi atafunga, arudi kijijini na watoto wake.

Siku hiyo fundi alimaliza kula, akanawa mikono.

"Mama, nipunguzie basi. Mimi si mgeni, ni mtu wa kwenu."

"Kule stesheni wanakupunguzia?"

"Kule bei imeandikwa ukutani. Nimwombe nani, ukuta?"

Waliokaa benchini wakacheka. Skolastika hakucheka.

"Na yule jirani aliyekuletea kitambaa jana, akataka umshonee suruali kwa nusu bei, ulimjibuje?"

"Nilimfukuza."

"Basi mimi naona haya tu kukufukuza."

Ndugu zangu, ingekuwa ninyi mngefanya nini? Mngenuna? Mngehamia stesheni? Fundi alilipa bei kamili, akaenda moja kwa moja barazani kwa mafundi wenzake.

"Tunalia kwamba wateja wametukimbia, na sisi tunamfungisha Skolastika kwa midomo yetu. Kesho twende tukale kwake, na asiwepo wa kuomba apunguziwe."

Seremala akamtania: "Wewe, bahili wetu mkuu, ndiye unayesema hayo?"

"Ndiyo, mimi. Nani anayeujua ubahili kunizidi?"

Jumanne walikwenda sita. Alhamisi mabenchi hayakutosha, seremala akaja na kigoda chake. Na Jumamosi, ile siku ya kufunga, Skolastika alikatiza katikati ya soko na sufuria mpya kichwani, kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, kazi ya fundi wa pale pale sokoni. Wanawake wakampigia vigelegele. Mmoja akapaza sauti: "Amekupunguzia kiasi gani?"

Akajibu bila kusimama: "Sikumwomba. Nataka naye aweze kula kwangu."

Wapendwa, sisi tunaukumbuka undugu tunapotaka kupunguziwa. Mgeni tunamlipa kimya kimya. Wa kwetu tunambana hadi anafunga mlango, kisha tunasikitika kwamba mji umekufa. Umekufa kwa mkono wa nani? Lakini mji ule uliinuka kwa siku sita, na waliouinua hawakuwa matajiri. Nje ya kanisa hili sasa hivi yuko mama anauza ndizi. Nunueni, na mlipe bei anayoitaja.