Sanduku la Mninga na Ndevu za Waziri

Hapo zamani, wakati milango ya mji wa Mitangani ilipokuwa bado haina makufuli kwa kuwa hapakuwa na cha kuiba, alikuwako seremala fukara jina lake Chande, na watu walimdhani punguani. Sababu yao ilikuwa kwamba alizungumza na punda wake, tena kwa adabu kuliko alivyozungumza na majirani.

Punda huyo ndiye aliyeuendesha msumeno. Nao haukuwa msumeno kama wa wenzake. Ulikuwa utepe mwembamba wa chuma wenye meno, umeungwa ncha kwa ncha ukawa kama pete kubwa, ukapitishwa juu ya magurudumu mawili, na punda akizunguka, utepe nao ukazunguka. Kwa huo Chande alitengeneza visanduku vya pambo visivyo na mbao za kupigiliwa. Alitwaa kipande kizima cha mti, akakata mgongo wake, akautoa moyo kwa kuukata kwa mapindo ukawa saraka ya kuvuta, kisha akaurudisha mgongo kwa gundi, na mistari ya mti ikakutana tena kana kwamba haikupata kuachana.

Basi ikawa mvua kubwa iliuangusha mninga wa uani kwa Sultani Badi. Mti ule ulipandwa na marehemu mama yake, naye Sultani akaulilia kama mtoto. Akataka kipande chake kifanywe sanduku la vito vya binti yake, aliyekuwa karibu kuolewa. Waziri Mshangama, mwenye ndevu nyeupe ndefu alizozifukiza udi kila asubuhi, alikuwa akiutamani msumeno wa Chande siku nyingi. Akainama, akanong'ona: "Maulana, msumeno hula mti. Mninga wa mama yako utaishia unga wa kukanyagwa na punda."

Sultani akaingiwa na uchungu, akamwita Chande.

"Ewe Chande, kipande hiki kimepimwa mizanini, na mawe yaliyokipima nimeyafungia. Nitengenezee sanduku, wala mti wa mama yangu usipotee hata chembe. Na yeyote atakayekutwa na chembe yake nje ya sanduku, atanyang'anywa akipendacho kuliko vyote."

"Labeka, Maulana. Yeyote?"

"Yeyote. Nimekwisha sema."

"Nauliza tu, Maulana. Mimi mzito wa kuelewa."

Waziri akacheka. "Msumeno wako usiutie kutu, bwana. Mwenyewe mpya hapendi kutu."

Chande akarudi kwake. Meno ya utepe ule yalitiwa makali na marehemu baba yake, na bila huo hakuwa na kazi, wala chakula, wala sababu ya kumfuga punda.

"Niambie, mwenzangu," akamwambia punda, "umepata kuona msumeno ukikata pasipo kumwaga unga?"

Punda akatikisa masikio.

"Ndivyo nilivyodhani."

Hata hivyo akaziba madirisha, akatandika shuka chini ya msumeno, akakata polepole. Sanduku lilipokwisha, akaukusanya unga kwa unyoya wa kuku, mwekundu na laini kama hina. Punda akasogea kuunusa, akapiga chafya. Unga wote ukamrukia Chande usoni. Chande akacheka peke yake, akambusu punda kwenye kipaji cha uso. Akajifuta juu ya shuka, akaukusanya unga upya, akautia ndani ya saraka.

Siku ya kuonyesha kazi, baraza ikajaa. Sanduku likawekwa mizanini, na mizani ikalingana sawasawa, kwani gundi ilikuwa imefidia zile chembe zilizoibwa na upepo. Ila hilo Chande hakuulizwa.

"Maajabu!" akasema Sultani.

"Bado ada, Maulana," akasema Chande.

Maana ada ya Mitangani ilikuwa kwamba sanduku halipokewi mpaka mwenyewe avute saraka, atie pua ndani, anuse mti kwa nguvu. Sultani akavuta, Waziri naye ameinama mbele yake kuchungulia. Akatia pua. Akanusa.

Chafya ile ilisikika hadi sokoni.

"Pimeni tena!" akapaza sauti Waziri. Wakapima, na sanduku likawa jepesi. "Unga umepotea! Leteni msumeno!"

"Haukupotea, Maulana," akasema Chande. "Kilichopotea hakionekani, na unga huu sote twauona. Uko ndevuni mwa Waziri."

Watu wakatazama. Ndevu zilikuwa nyekundu kama za bwana arusi mzee. Waziri akazishika kwa mikono miwili, na kwa kuzishika hivyo akawajulisha wote akipendacho kuliko vyote.

"Mwiteni kinyozi!" akasema Sultani.

"Maulana, nihurumie!"

Hapo Chande akasogea, akasema kwa sauti ya chini: "Kabla ya kinyozi, Maulana, ujifute masharubu."

Sultani akapitisha kidole, kikatoka chekundu. Akamkumbuka binti yake, ampendaye kuliko vyote, akaona kwamba kwa hukumu yake mwenyewe angenyang'anywa yeye. Kisha akacheka hata kilemba kikalegea.

"Hukumu nimeitangua! Chande, chukua mninga wote uliobaki. Nawe Waziri, chana ndevu zako hapa, juu ya saraka."

Waziri akachana, na Sultani akapangusa masharubu yake juu ya saraka iyo hiyo. Mizani ikashuka, ikalingana, ikapita.

"Limezidi!" akasema Sultani.

Chande akachungulia. "Ni nywele, Maulana. Nilikatazwa kupoteza; kuongeza sikukatazwa."

Msumeno ukabaki kwa mwenyewe, na punda akapewa tandiko la hariri, maana Sultani aliuliza shauri la kutia unga sarakani lilitoka kwa nani, naye Chande akamwambia kweli.

Siku ya arusi, bibi arusi akavuta saraka, akatoa unywele mmoja mrefu mweupe. "Baba," akauliza huku machozi yakimlengalenga, "huu ni wa marehemu bibi?"

Sultani akaziba mdomo kwa kilemba, kicheko kisimtoke.

Na hekaya hii imerudi ndani ya saraka yake. Atakayeivuta tena, aangalie pua.