Nikeli Juu ya Dari

Wahenga hawakuwa watu wa kumwaga maneno ovyo. Waliposema kwamba ndugu wakigombana ushike jembe ukalime, na wakipatana ushike kapu ukavune, walikuwa wakimwonya jirani mwenye pua ndefu. Ugomvi wa walionyonya ziwa moja hauna kiti cha mgeni. Lakini onyo hilo, kwa fundi mmoja wa magari, liliingilia sikio hili likatokea lile.

Fundi huyo alikuwa na gereji ya mabati katika ua wa rafiki yake marehemu. Hakuwa na karatasi wala sahihi. Alikuwa na neno la marehemu tu: “Fanya kazi hapa mpaka mikono ikugomee.” Kwa miaka ishirini na saba neno hilo lilimlisha yeye na mkewe, na hakuwa na pengine pa kuweka hata nyundo.

Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na gari moja la zamani, refu kama jeneza la mfalme. Lilipambwa kwa nikeli kila mahali: tepe ndefu mbavuni, vifuniko vya magurudumu, na ndege mdogo wa chuma aliyetua juu ya boneti. Magari ya namna ile yaliacha kuundwa zamani. Rangi utachanganya, viti utashona, lakini ukipoteza utepe wake wa mlangoni umepoteza jino la mbele la kikongwe, halioti tena.

Kaka mtu alichukua gari kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo mtu, aliyemwogesha na kumlisha baba yao katika miaka mitatu ya ugonjwa, alichukua bisibisi. Aling'oa pambo moja baada ya jingine mpaka gari likabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Tangu siku hiyo hata salamu walipeana kwa kukohoa.

Asubuhi moja mdogo mtu aliingia gereji na gunia begani.

“Baba mdogo, hizi nikeli nazipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakaziyeyushe zote!”

“Wewe! Hata wazimu una mipaka, mwanangu,” fundi alimaka. “Lete huku nikufichie.”

Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, aliitua birika chini. “Mume wangu, gunia hilo linauma.”

“Kijana kaonewa, mama watoto.”

“Kaonewa na nduguye. Wewe unatia kidole kati ya mlango na bawaba, halafu jioni utaniomba nikupulizie.”

Fundi alicheka, akapanda ngazi, akalificha gunia juu ya dari.

Wiki hiyohiyo kaka mtu alilisukuma gari hadi gereji. Uso wake ulikuwa umesawijika.

“Baba mdogo, mama anapoteza macho. Daktari anasema ni miezi tu. Nataka alione gari la baba kama lilivyokuwa, kabla giza halijamfunika. Nisaidie kutafuta nikeli.”

Fundi aliahidi kumsaidia. Alipomweleza mdogo mtu habari hizo, alijibiwa, “Hiyo ni janja ya kaka. Ukifungua mdomo, umenisaliti.” Basi akaufunga.

Wakaanza kuzunguka. Kila Jumanne fundi na kaka mtu walikwenda kwenye viwanja vya magari mabovu, jua likiwachoma kama pasi. Fundi alipekua marundo kwa bidii ya mtu anayejua fika kwamba hamna kitu. “Hii si yenyewe,” alisema. “Hii ni ya mwaka mwingine.” Aliporudi, alipanda darini peke yake, akavisugua vile vipande kwa kitambaa laini, akanyoosha vibonyeo kwa nyundo ya mpira, akavifunga kimoja kimoja kama vichanga. Moyo wake ulikuwa na upande, lakini mikono haikuwa nao.

Mwezi wa tano, mama aliletwa gereji akishikwa mkono na mdogo mtu. Macho yalikuwa yamekwisha. Alilipapasa gari polepole, tangu taa hadi mlango, kisha kiganja kikasimama.

“Hapa palikuwa na utepe wa baridi,” alisema. “Baba yenu akiendesha, nilikuwa nikitoa mkono dirishani naupapasa. Umekwenda wapi?”

Mara mdogo mtu alipiga magoti kwenye mafuta machafu, akalia kwa kwikwi. “Kaka, nisamehe. Nikeli zote ziko humu humu, juu ya dari.”

Kaka mtu alimwinua, wakakumbatiana, wakalia pamoja kama siku ya mazishi. Fundi naye alifuta chozi, akidhani mvua imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza wingu lilikuwa likimtafuta yeye.

Gunia liliposhushwa na vitambaa kufunguliwa, nikeli ziliwaka kama vioo.

“Kumbe!” kaka mtu alisema. “Miezi mitano unanitembeza juani, na kitu kiko juu ya utosi wako. Na umeking'arisha!”

“Mwanangu, nduguyo ndiye aliye—”

“Ndugu yangu alikuwa na hasira. Wewe ulikuwa na nini?”

Fundi alimgeukia mdogo mtu. Mdogo mtu alikuwa akivitazama viatu vyake.

“Kweli, baba mdogo,” alinong'ona. “Wewe mtu mzima ungenikanya.”

“Jumamosi utupishe ua wetu,” kaka mtu alimaliza.

Jumamosi hiyo fundi na mkewe walipakia vifaa kwenye mkokoteni, bila kujua waende kushoto au kulia. Uani, wale ndugu wawili walikuwa wakipachika nikeli huku wakitaniana, mama yao amekaa kando ameelekeza sikio. Fundi akaona wanaulazimisha utepe wa kulia kwenye mlango wa kushoto. Ukibanwa vile utavunjika. Akafungua kinywa.

Mkewe alimfinya mkono. “Unataka kusema nini?”

Fundi alitazama lile banda tupu, akafunga kinywa. “Sina la kusema.”

“Haya, sukuma.”

Akasukuma. Nyuma yao kitu kililia ka!, kisha wale ndugu wakalaumiana kidogo, wakacheka. Fundi hakugeuka. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune.