Ilimba ya Mwalimu Ndahani

Hapo zamani, huko Ugogo, katika nchi ya vumbi jekundu na mashamba ya uwele, palikuwa na shule isiyo na kengele. Asubuhi Mwalimu Ndahani alikaa kwenye kizingiti cha darasa, akaweka ilimba mapajani, akapiga. Mnaijua ilimba? Ni sanduku la mti lililochongwa likawa tupu ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ya Mwalimu ilikuwa na vyuma thelathini na sita. Sauti yake ilivuka mashamba, na mtoto aliyekuwa bado anatafuna kiporo alikimalizia njiani, akikimbia.

Mtu yule alijua mambo mengi. Alipiga zeze. Alichonga vigoda ambavyo havikuyumba hata kwenye sakafu mbovu. Alipaka kuta za darasa kwa udongo mweupe na mwekundu, hapa twiga, pale herufi, pale mbuni anayekimbia na tarakimu mgongoni. Alitunga nyimbo za kuhesabia, na watu wazima wa kijiji kile, ukiwauliza saba mara nane, waliimba kwanza ndipo wakajibu. Mtoto akikosea hakumchapa. Alimwambia, "Rudi nyumbani," akabonyeza chuma kirefu cha katikati, kile chenye sauti nzito, na mtoto akaanza upya kutoka hapo.

Akazeeka, kama wanavyozeeka walimu, huku wanafunzi wake wakileta watoto wao, kisha wajukuu. Siku zake zilipokaribia kwisha alimwita mkewe, Bibi Malogo, akamwambia ilimba isitundikwe ukutani kama pembe la mnyama. Apewe mtu mmoja anayeistahili, naye awafundishe watoto. Bibi akamuuliza mtu huyo ni nani. Mwalimu akatabasamu. Alikuwa na tabia hiyo hata darasani: alitoa swali, akaenda zake kunywa uji. Safari hii hakurudi.

Mwaka ule mvua ilinyesha kwa hasira. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa tembe, na tembe, kama mjuavyo, hubeba udongo kichwani. Udongo ukalowa, miti ikashindwa, paa likaanguka. Bibi Malogo alikuwa kwa jirani, akapona. Lakini ilimba ilikuwa ndani. Sanduku lake, ambalo mchwa walikwisha kulionja, likapondwa likawa vibanzi, na vyuma vikatawanyika kwenye tope.

Watu walikuja kusaidia. Wakaokoa chungu, wakaokoa jembe, wakaokoa ngozi za kulalia, wakarudi kwao. Aliyebaki ni Sudayi, mpwa wa Mwalimu. Sudayi alichimba siku ya kwanza, akapata vyuma ishirini. Akachimba siku ya pili, akapata kumi na viwili. Siku ya tatu alipata vitatu. Siku ya nne alichuja tope kwa chekeche la kuchekechea unga, kiganja kwa kiganja, mpaka cha mwisho kikamchoma kidole. Akavipaka mafuta ya nyonyo, akavifunga kwenye ngozi, na kwa misimu miwili alivifungua kila mwezi kuvipaka tena, visishike kutu.

Lakini Sudayi hakujua kuchonga. Ndipo akaja Chalula.

Chalula alijifunza kuchonga kwa Mwalimu, kisha akahama, akafungua karakana kando ya barabara kuu. Aliposikia habari, aliacha vitanda vya wateja havijawekwa miguu, akapanda milimani kutafuta mninga uliokauka ukiwa umesimama. Akachonga sanduku la kwanza, likapasuka. Akachonga la pili, likawa zuri kwa macho, lakini alipoligonga akasema limenuna. Akapanda tena mlimani. La tatu alilichonga kwa kukumbuka mapaja ya Mwalimu: upana wake ulikuwa wa kukaa pale, wala si zaidi. Alipoligonga likaitika.

Wakavipanga vyuma juu yake. Sudayi akapiga. Ilisikika kama mtu anayeosha masufuria.

Chalula akamwambia, "Bwana wee, ukiendelea hivyo ng'ombe watadhani mvua ya mawe imeanza."

Sudayi akamjibu apige yeye basi. Chalula akapiga, na mbwa akaondoka.

Mnaona shida yao. Vyuma vyote vilikuwepo, sanduku lilikuwepo, lakini kila chuma kina mahali pake pa kusimama. Ukikivuta nje kidogo sauti hushuka, ukikisukuma ndani hupanda. Mwalimu hakuwahi kuandika popote kiende wapi. Alikuwa nayo sikioni tu.

Basi siku hiyo alikuwa akipita Nyemo. Nyemo alizaliwa kijijini hapo, akaolewa mbali, mwendo wa siku mbili. Alikuwa amekuja kumwona mama yake. Huyu hakuandikwa kwenye daftari la shule hata siku moja, kwa maana baba yake alisema ndama hawajichungi wenyewe. Aliwachunga ndama nyuma ya ukuta wa darasa, mwaka baada ya mwaka, na yaliyosemwa ndani aliyapokea nje. Aliposikia zile sufuria akasimama. Akaweka chini mtungi wake. Akauliza kama anaweza kujaribu.

Alianza na chuma kirefu cha katikati. Akakivuta, akasikiliza, akakirudisha kidogo. Kutoka hapo akaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kuhesabia, na kila neno likamwonyesha chuma chake. Jua lilikuwa upande huu alipoanza. Alipomaliza lilikuwa upande ule. Kisha akapiga.

Watu wakatoka majumbani. Bibi Malogo akaja, ameshika fimbo, akainamisha kichwa akasikiliza. Akasema, "Ni yeye. Lakini hajaamka."

Akaingia katika chumba kimoja kilichosalia cha nyumba yake, akaenda nyuma ya kilindo cha nafaka. Kwenye kona ile buibui walikuwa wanataga, na mayai yao huyafunika kwa utando mweupe, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Akabandua vipande viwili. Akarudi, akavibandika kwa mate kwenye matundu mawili ya sanduku yanayotolea sauti, polepole, kama mtu anayefunga kidonda. Akamwambia Nyemo apige tena.

Sasa chini ya kila sauti kulikuwa na mvumo, kama nyuki walio mbali. Hapo mzee mmoja alivua kofia. Mtu mmoja mwenye ndevu, baba wa watoto sita, akajikuta anaimba saba mara moja, saba mara mbili, na hakuna aliyemcheka, maana kila mtu alikuwa amerudi kwenye dawati lake.

Furaha ile ingetosha, lakini Bibi Malogo alikuwa anahama. Binti yake alimwita akaishi naye Mpwapwa, na punda wa kubeba mizigo alikwisha kuazimwa kwa ajili ya kesho yake. Ilimpasa atimize neno la mumewe. Asubuhi yake akakaa mbele ya watu, ilimba mapajani, akawaambia wale watatu waseme.

Sudayi akasema: "Mama, mnanicheka kwamba napiga vibaya. Ni kweli, najua wimbo mmoja, na huo nao unanikimbia. Lakini bila mimi hapa pangekuwa na sanduku la kuhifadhia chumvi. Vyuma hivi ndivyo alivyovigusa yeye. Ndicho kitu pekee chake kilichobaki. Na mimi siendi popote. Watoto wakija asubuhi watanikuta."

Chalula akasema kwamba vyuma bila sanduku ni vyuma, hata mganga hawezi kuvitibu. "Mninga huu nimeupandia mlima mara tatu. Tena nipeni hii niwe nayo karakanani, niipime taratibu, nitachonga nyingine kumi. Sudayi atakuwa na moja tu. Mimi nitafanya kila shule iwe nayo." Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama watoto nao wataenda kukaa barabarani kuzisubiri, watu wakacheka, naye Chalula akakubali kwamba hajui itachukua miaka mingapi.

Nyemo hakutaka kusema. Bibi Malogo akamsubiri. Mwishowe akasema: "Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Lakini siku moja nilikosea kuimba kule nje, na Mwalimu akiwa ndani akabonyeza kile chuma cha katikati, akanisubiri nianze upya. Ndani hakuna aliyejua anamsubiri nani. Nyimbo zake zote ninazo, na za zeze pia. Vyuma vikilegea kesho, ni nani atakayevirudisha? Ila nyumba yangu iko mbali. Nikiondoka nayo, watoto wa hapa hawataisikia, watakaoisikia ni wa kule. Sitawadanganya."

Mzee aliyevua kofia akasema kwamba labda ibaki kwa mama mwenyewe, maana bila utando wake Mwalimu asingeamka. Majirani waliangalia chini. Kwa miaka arobaini walikuwa wamemwita mvivu kwa sababu ya ile kona isiyofagiliwa.

Bibi Malogo akatikisa kichwa. "Alisema apewe wa kufundisha. Mimi sikufundisha mtu. Mimi nilifagia nusu ya nyumba tu."

Naona mikono imeinuka. Ishusheni kwanza, fikirini vizuri, kwa sababu ni rahisi kumpenda mmoja ukawasahau wenzake. Punda amekwisha kufungwa mizigo. Bibi Malogo amesimama, ameinua ilimba kwa mikono miwili. Watoto wa shule wamekaa nyuma ya wale watatu, kwa sababu jambo lenyewe ni lao. Aliyeitoa sauti ile matopeni akaitunza, lakini hawezi kuiimbisha. Aliyeijengea nyumba, naye anataka kuizalisha. Aliyeibeba sikioni, lakini ataondoka nayo.

Na mikono ya bibi imeanza kuchoka. Haya, semeni: aikabidhi kwa nani?