Kamba ya Mashati Mawili

Wapendwa, walikuwepo askari wawili wa nchi mbili zilizokuwa vitani. Mmoja alivaa sare ya kijani, mwenzake ya kahawia. Ukiondoa sare usingewatofautisha, kwa sababu mpaka wa nchi zile ulichorwa katikati ya watu wa lugha moja. Walikuwa wakiwindana juu ya jabali, ukingo ukameguka, wakaporomoka wote wawili hadi bonde ambalo hakuna mtu aliyewahi kulikanyaga.

Huko chini dunia ilikuwa bado ile ya zamani, kabla ya Adamu. Majani marefu kama minazi, na wanyama ambao unyayo wao mmoja ukijaa mvua, mama angefulia nguo za wiki nzima. Msiniulize majina yao. Mimi ni mchungaji, si mwalimu wa sayansi.

Bunduki zilikuwa zimevunjika. Wa kijani akafoka, "Usinisogelee!"

"Nisogee niende wapi?" akajibu wa kahawia. "Huoni nyuma yangu kuna nini?"

Wahenga walisema adui mwombee njaa. Hawa njaa iliwakuta pamoja, na bado hawakusemezana. Juu kwenye jabali palikuwa na kisiki. Wa kahawia akachana sare yake, akasokota kamba, akafunga jiwe, akarusha. Haikufika. Wa kijani akacheka sana. Akachana suruali yake, shati akalibakiza, akasokota, akarusha. Nayo haikufika. Mnacheka? Kamba mbili fupi, watu wawili, na hakuna aliyefikiria kuziunga!

Siku ya tatu mnyama mmoja mkubwa akawatokea. Wakatimua mbio, na wa kijani akateguka mguu. Alikuwa amelala chini akingoja kuliwa alipohisi mikono ikimkamata kwapani na kumburuta hadi kwenye ufa wa jabali. Ilikuwa mikono ya adui yake. Akamkanda ule mguu kwa maji, taratibu, mpaka yule mwingine akalia machozi.

"Sasa lete shati, kamba ziungane."

"Shati la nchi yangu?"

"Ndugu yangu, nchi yako iko juu. Sisi tuko huku chini."

Akalivua. Kamba ikafika, ikanasa. Wa kahawia akatangulia kupanda, akatoweka juu. Wa kijani akabaki peke yake na mguu wake. Moyoni akasema, kwisha, ameniacha. Ungekuwa wewe ungesemaje? Ndipo kamba ikateremka ikiwa na kitanzi, na sauti ikamwita: "Jifunge kiunoni. Nitakuvuta polepole, usije ukaumia tena."

Walipofika juu walikuwa matope matupu, wamebaki na kaptula za ndani tu. Kumbe kikosi cha jeshi la kijani kilikuwa kinapita. Hakuna aliyewafahamu. Afande akaikoki bunduki yake. "Naona vipande vya sare mbili kwenye hiyo kamba. Adui ni yupi?"

Wa kijani alikuwa amefika kwao. Anyooshe kidole kimoja tu, aende nyumbani kwa mkewe. Akachechemea hatua moja mbele.

"Adui ni mimi," akasema.

"Muongo huyo!" akadakia wa kahawia. "Nitazameni mimi. Adui ni mimi."

Afande akaelekeza bunduki kwa huyu, akaigeuzia kwa yule. Angempiga nani? Akashusha bunduki, akavua koti lake, akawafunika wote wawili, maana walikuwa wakitetemeka kwa baridi.

Sasa turudi kwetu. Mafuriko yalipobomoa ukuta huu wa kanisa, tulipanga mstari tukapokezana matofali tangu asubuhi hadi jioni. Nani aliuliza anayempa tofali ni wa kwaya gani? Hakuna. Leo ukuta umesimama, majoho yamepigwa pasi, na kwaya ya ibada ya kwanza haisalimiani na ya ibada ya pili kwa sababu ya nani ataanza kuimba siku ya mavuno! Nawapenda, ndiyo maana nasema. Sisi tukiwa shimoni ni ndugu, tukifika juu tunatafuta mashati yetu.

Hebu geuka umtazame aliye upande wa pili. Huyo aliwahi kukushikia kamba.

Naomba kwaya zote mbili zisimame. Mtaimba pamoja, na majoho mtayaacha hapo kwenye mabenchi.