Maziwa ya Jioni na Sheria ya Jua

Sogeeni karibu, kila mtu akunje ngumi. Hadithi hii ina swali mwishoni. Jibu lako lifumbate humo mkononi mpaka nitakapokuambia ulitoe.

Katika milima ya jimbo la Maronga waliishi watu watatu wenye vipawa vitatu. Mwandoe wa kijiji cha Ighombe alijaliwa subira. Angeweza kumngoja kinyonga avuke njia bila kumharakisha. Wakesho wa Mlondo alijaliwa maswali, ukimwambia "kesho," atakuuliza, "Kesho ya tarehe ngapi?" Na Samboja wa Voroni alijaliwa ujasiri, ila mwenyewe hakujua kama anao, kwa kuwa hakuwahi kuuhitaji.

Sisi tumfuate Wakesho. Alikuwa na ng'ombe wawili, akikamua asubuhi na jioni kama majirani zake wote. Maziwa ya asubuhi yalichukuliwa na gari la kiwandani. Ya jioni hayakuwa na pa kulala, maana Mlondo hapakuwa na umeme, na pasipo umeme hapana jokofu. Watoto walikunywa wakashiba, mengine yakafanywa mtindi, na yaliyobaki Wakesho aliyamwaga kwenye shina la mgomba.

"Shoga, huo mgomba umenenepa kuliko mimi," jirani yake alimtania.

Wakesho alicheka, lakini kila akiinamisha ndoo aligeuza uso pembeni.

Umeme wa Maronga ulitoka kwenye mitambo ya dizeli ya Shirika la Umeme, kule Voroni. Dizeli ni ghali, kwa hiyo nyaya hazikufika mbali. Basi Baraza la Jimbo likaletewa mswada wa kulilazimisha Shirika lizalishe umeme kwa jua. Ukaanguka.

"Hii ni nchi ya ukungu," wakubwa wa Shirika walisema. "Jua lenu halikaushi hata soksi."

Spika wa Baraza, Bi Mkamburi, alikasirika akasema neno ambalo baadaye lilimnyima raha: "Atakayeiwezesha sheria hii kupita, kituo cha kwanza cha jua kitajengwa kijijini kwao!"

Mwandoe aliposikia, aliazima kifaa cha kupima jua kutoka shule ya sekondari, akakipandisha kilimani. Kila saa, tangu kucha hadi kuchwa, alisoma kipimo akakiandika kwenye daftari. Mvua ilinyesha, akaandika. Harusi ya mpwa wake ilifika, akatuma salamu, akaandika. Baada ya miaka miwili mswada ulirudishwa, naye akalifungua daftari mbele ya Baraza.

"Waheshimiwa, ukungu wa Maronga huamka mapema kuliko sisi, na saa tatu asubuhi huwa umeshaondoka. Jua linalobaki linatosha, tena linaviangazia vijiji vyote sawasawa."

Wakubwa wa Shirika walilipekua daftari, wakakosa pa kulishika. Wakabadili wimbo. "Sawa. Baada ya miaka kumi, nusu ya umeme wetu itatoka kwenye jua. Tuaminini."

Wajumbe wengi waliguna. Ahadi za namna hiyo walishazizika nyingi.

Siku hiyo wananchi walikuwa wamealikwa kutoa maoni. Wakesho akasimama, kanga yake bado inanuka zizi.

"Na mwaka wa pili mtakuwa mmefika wapi?"

"Mama, tumesema miaka kumi."

"Nimesikia, baba. Mwanangu alipokuwa mchanga nilimpeleka kliniki kupimwa uzito kila mwezi. Nesi hakuniambia, 'Mrudishe akiwa na miaka kumi, tuone kama alikua.'"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Lakini Wakesho hakuwa ameketi bado. Aliomba sheria iseme hivi: kila miaka miwili Shirika liongeze sehemu moja ya kumi ya umeme wake kutoka kwenye jua, lije lipimwe mbele ya Baraza, na likipungukiwa litozwe faini. Ikaandikwa. Wajumbe waliokuwa wakiguna wakasema sasa mswada una meno.

Ikabaki kura. Kumi na tano ndiyo. Kumi na tano siyo. Akabaki mjumbe mmoja, Samboja wa Voroni, kijiji kinacholishwa na mitambo ya dizeli. Kaka yake, fundi wa mitambo hiyo, alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni.

"Samboja!" alipaza sauti. "Ukisema ndiyo, usikanyage kwangu!"

Samboja alisimama. "Kaka, dizeli itatuacha, tupende tusipende. Heri tujifunze kazi mpya leo tukiwa na nguvu." Akamgeukia Spika. "Ndiyo."

Sheria ikapita.

Ikafika siku ya kutimiza ahadi. Spika aliwaita wote watatu. Kila mmoja alikuwa na haja yake: Ighombe walitaka pampu ya maji, Voroni walitaka kazi mpya kwa mafundi wao, na Wakesho alitaka jokofu la maziwa. Njia nzima alikuwa amejifunza maneno ya kujitetea, akianza na ule mgomba.

Lakini Bi Mkamburi alikuwa mjanja. "Simtaki mtu ajitaje," alisema. "Kila mmoja anitajie mwenziwe aliyestahili."

"Wakesho," alisema Mwandoe. "Daftari langu lingelala kabatini. Yeye ndiye aliyelipa kazi ya kufanya."

"Mwandoe," alisema Samboja. "Nililisoma daftari lake siku tatu. Pasipo lile ningekosa hata pa kusimamia."

Ikawa zamu ya Wakesho. Akiitaja Ighombe au Voroni, maziwa ya Mlondo yataendelea kumwagika. Lakini aliulizwa swali, naye aliyaheshimu maswali.

"Samboja," alisema. "Sisi tulitoa jasho na maneno. Yeye alimtoa kaka yake."

Mtu akacheka kutoka viti vya nyuma: "Mheshimiwa Spika, wamekuzungusha!"

Spika akaiweka kalamu mezani. Vituo vitajengwa, hilo halina shaka, kwa kuwa sheria ina tarehe: cha kwanza mwaka wa pili, kinachofuata mwaka wa nne, kingine mwaka wa sita. Vijiji vyote vitatu vitapata. Ila kimoja tu kitakuwa cha kwanza, na viwili vitangoja.

Jioni hiyo Wakesho alikamua kama kawaida. Akabeba ndoo hadi kwenye mgomba, akasimama, hajui kama ataimwaga kwa miaka miwili, minne, au sita.

Kalamu ya Spika bado iko pale mezani, haijaguswa. Haya, ichukue wewe. Mwenye daftari, mwenye swali, au mwenye kura: utaandika kijiji cha nani, na hao wawili utakaowangojesha utawaambia nini?

Sasa fumbua mkono, tuone.