Makofi Matatu ya Ilomwe

Hapo zamani, mtama ulipokuwa ukipandwa mpaka mlangoni, palikuwa na nchi iitwayo Ilomwe, na mtemi wake aliitwa Ngelela. Shemeji yake Ngelela, mwendo wa siku kumi na mbili kutoka hapo, alikuwa vitani. Ngelela akamwahidi kuwalisha askari wake kwa mavuno mamoja. Mavuno mamoja yakawa mawili, mawili yakawa saba. Kila nyumba ilipeleka mtama kwenye ghala la nchi, na ghala likaupeleka vitani. Daraja likavunjika, watu wakaambiwa lingoje vita viishe. Kisima kikajaa tope. Nacho kingoje.

Ngelela hakuwa mkatili. Kila mwaka aliita baraza, akauliza, "Watu wangu, tuendelee?" Na desturi ya Ilomwe ni kwamba mtemi akimaliza kusema, watu hupiga makofi matatu, macho chini. Ni heshima tu, kama kupokea kitu kwa mikono miwili. Lakini Ngelela akiyasikia hufurahi, "Wamekubali!"

Halafu kisimani watu hugombana.

"Mwaka huu tena? Nani kampigia makofi?"

"Si wewe? Ulipiga mpaka bangili zikalia!"

"Mie nilipiga ya heshima."

"Basi kapike hiyo heshima, tuje tule."

Kalunde aliyasikia yote, akateka maji yake ya tope, akaenda zake. Alikuwa mama kijana wa mtoto mmoja, mtu wa kuzungumza na chungu chake kuliko na watu. Mumewe, Mihambo, alichukuliwa kubeba mtama wa vita mtoto angali tumboni, na hakuwa amerudi.

Mwaka wa nane mavuno yalikuwa haba. Amri ikatoka: leteni hata mbegu. Kalunde alikuwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu. Mbeleko yake ilikuwa imechanika, basi akambeba mtoto mkono huu, kibuyu mkono ule, akaenda barazani.

"Watu wangu, tuendelee?"

Pa! Pa! Pa!

Kalunde hakupiga. Ngelela akamwona.

"Binti, mbona wewe hupigi?"

"Mikono imejaa, Baba. Huku mwana, huku mbegu."

"Weka kimoja chini."

"Kipi, Baba?"

Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia.

Hapo akainuka Bibi Nyamizi, mkunga aliyezalisha nusu ya baraza lile. "Ngelela, mikono hii ndiyo iliyokupokea, ukitanguliza miguu, mbishi tangu siku hiyo. Leo nisikilize. Makofi yale ni salamu. Hata ukikohoa tunakupigia. Uliza tena, na anayetaka vita viendelee asimame."

Ngelela akauliza. Watu wote wakaketi, Bibi Nyamizi naye akaketi. Akabaki Kalunde amesimama peke yake! Alipogundua, aliketi kwa haraka hata kibuyu kikagonga chini. Mbegu hazikumwagika. Baraza likacheka, na kicheko kile kilikuwa kama mvua ya kwanza.

"Nimesikia," alisema Ngelela. "Lakini tumechelewa. Ghala ni tupu. Mtakula hizo hizo mbegu."

Lugendo, mlinzi wa ghala, akapiga magoti. "Si tupu, Baba. Kila mwaka, katika kila vikapu kumi nilizika kimoja shimoni. Nilikudanganya. Nikate shingo, lakini kwanza watu wale."

Wakachimba. Mtama ukatosha mpaka mavuno. Mbegu za Kalunde zikaenda shambani, wapagazi wakaitwa nyumbani. Mihambo alirudi amekonda, akasimama mlangoni akicheka na kulia. "Kumbe huyu anatembea!"

Sasa palikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyekuwa apelekwe vitani. Ngelela akasema, "Ni wake aliyetutoa katika vita hivi."

Mihambo akamgusa mkewe. "Sema, mama watoto."

"Sijui kudai," alisema Kalunde. "Ila ningeweka kibuyu chini, kingechukuliwa, na vita vingeendelea. Na mwanangu hana maziwa."

"Mwanangu, nakupenda," alisema Bibi Nyamizi, "lakini ungekuwa na mbeleko nzima ungepiga kama sisi. Neno nililisema mimi."

"Neno halisongwi ugali," alisema Lugendo. "Bila shimo langu mngekula nini?"

"Wewe mwizi! Watoto walilala njaa, nawe umekalia chakula."

"Na wewe, Bibi? Miaka saba ulijua makofi si kukubali, ukapiga tu."

Ngelela akawageukia watu. "Semeni ninyi." Hakuna aliyepiga kofi hata moja. Walitazamana tu, na ng'ombe akalia, maana saa ya kukamuliwa ilikuwa imepita.

Nanyi mlioketi hapa, msinipigie makofi. Nijibuni kwa vinywa vyenu: je, kati ya hao watatu, ng'ombe yule alistahili kwenda kwa nani?